Kamba naijua, mto naujua. Mbona nimefeli mtihani wa ukufunzi?

SWALI

Wapendwa washauri,

Nawasalimu. Ni mwaka wa 4 sasa napanda miamba na kupiga kasia kwenye mito ya maji ya kasi. Mwaka huu nikaona nigeuze mapenzi haya yawe kazi. Nikajiunga na mafunzo ya siku 10 ya ukufunzi wa michezo ya nje, kisha nikafanya mtihani wa siku 2 nikiwa na washiriki wa kweli, watu wazima 6 ambao hawakuwahi kushika kamba.

Nimefeli. Kwenye mwamba nanga zangu (pointi za juu zinazoshikilia kamba) zilikuwa sawa, mtahini mwenyewe alikiri. Ila nilipoinama kumrekebishia mshiriki mmoja fundo lake, wawili nyuma yangu walikuwa wamevua kofia ngumu, na wa tatu alishapanda mita 2 kabla sijamkagua. Mtoni nilieleza namna ya kupiga kasia kwa dakika kama 20, watu wamekaa ndani ya kayaki wamelowa, mmoja akaanza kutetemeka. Mtahini akaandika: "Ujuzi binafsi ni mzuri sana. Haoni watu wake." Maneno hayo yamenikaa kooni kama mfupa.

Sasa kuna kampuni inanitaka niongoze makundi ya watu 12, peke yangu, kuanzia wiki ijayo. Wanasema cheti nitakipata mbele ya safari. Nilicho nacho ni cheti cha huduma ya kwanza cha siku 1. Je, nikubali nijifunzie kazini? Nirudie mafunzo yote? Na nishike lipi, mwamba au mto, au niende na yote mawili?

Msomaji wenu niliyekwama

JIBU

Ndugu yetu,

Pole kwa mtihani, na asante kwa kueleza makosa yako bila kuyafunika. Hiyo pekee inatupa imani nawe.

Tuanze na lenye haraka. Kazi hiyo usiipokee kwa masharti hayo. Fikiria mmoja kati ya wale 12 ateguke kifundo cha mguu chini ya mwamba. Mikono yako yote miwili iko kwenye mguu wake, na watu 11 wamebaki na kamba, karabina (pete za chuma zenye mlango) na hamu ya kujaribu, bila mtu wa kuwatazama. Ajali ya pili huzaliwa hapo, na mara nyingi huwa kubwa kuliko ya kwanza. Tena bima za shughuli hizi kwa kawaida humlinda kiongozi anayefanya kazi ndani ya mipaka ya cheti chake, na wewe cheti huna. Wajibu kwa heshima kwamba uko tayari kuanza wiki ijayo kama msaidizi wa mkufunzi mwenye cheti, hata kwa malipo madogo. Wakikubali, umepata shule. Wakisema hawana mkufunzi wa namna hiyo, basi umeshajua ni mahali pa aina gani, na hupaswi kuwa hapo.

Sasa tuje kwenye ule mfupa. Mtahini hakusema huna macho. Macho yako yalikuwa yamefuata mikono yako, na kila mtu mwenye ujuzi mkubwa huanza hivyo, kwa sababu kwa miaka 4 ulichohitaji kutazama kilikuwa fundo lako, kasia lako na hatua yako. Kutazama kundi ni ujuzi mwingine kabisa, nao unajengwa kwa namna mbili: kupunguza kazi ya mikono wakati watu wapo, na kupanga mahali ili jicho lifike kila pembe bila kuhangaika.

Kwenye mwamba, kazi ya kamba imalizike kabla washiriki hawajafika. Nanga zimefungwa, kamba zimeshuka, na kila kamba "imefungiwa": piga fundo la kitanzi kwenye kamba juu ya kimo cha mtu mrefu, au vuta ncha ya kupandia juu ambako hakuna mkono unaofika. Kamba isiyofikika haipandwi. Yule aliyepanda mita 2 alipanda kwa sababu kamba ilikuwa inaning'inia wazi mbele yake. Usimlaumu, mtu aliyekuja kupanda akiona kamba atapanda. Kisha tandaza kamba ya zamani chini, mita kadhaa kutoka kwenye ukuta, zaidi kama mawe hudondoka mahali hapo. Ndani ya mstari huo kofia iko kichwani na mkanda wa kidevu umefungwa. Nje ya mstari mtu avue, anywe maji, ajikune. Ukiwaambia watu "msivue kofia" kwa saa 3 mfululizo watavua, kwa kuwa kichwa kinawaka. Ukiwapa mahali pa kuvulia, watatii.

Kila kamba ipewe watu 3: mpandaji, mshika kamba anayemlinda kwa kuibana kamba kwenye kifaa kilichofungwa mkandani mwake, na mshika mkia anayesimama hatua moja au mbili nyuma ya mshika kamba, ameishika kamba inayotoka kwenye kifaa, tayari kuibana ikiwa mwenzake atashtuka na kuachia. Watu wako 6 ni kamba 2 kamili. Mbali na usalama, mpango huu unamwondoa mtu asiye na kazi, na asiye na kazi ndiye anayevua kofia na kutangatanga. Angalia pia uzito. Mshika kamba mwepesi sana kuliko mpandaji atanyanyuliwa kutoka chini. Mfungie nanga ya ardhini, au wabadilishane.

Ukaguzi uwe na mpangilio mmoja usiobadilika, na uufanye kwa kugusa. Sisi tunapendekeza kuanzia kiunoni kwenda juu. Mkanda wa kupandia ukae juu ya mifupa ya nyonga, umekazwa kiasi kwamba ukiuvuta chini kwa nguvu haupiti nyonga. Kwa mtoto mdogo au mtu ambaye kiuno chake hakina mahali pa kushikilia mkanda, tumia mkanda wa mwili mzima, maana akipinduka atachomoka. Halafu fundo la nane, lenye umbo la namba 8: kamba ipite kwenye sehemu zote 2 za kufungia mbele ya mkanda, nyuzi ziende sambamba mbili mbili bila kukatizana, na mkia ubaki kama sentimita 10 au zaidi kidogo. Kosa linaloua hapa linajulikana. Mtu anapiga nane ya kwanza, anapitisha kamba kwenye mkanda, mwenzake anamuuliza jambo, anajibu, na akigeuka anaamini amemaliza wakati hajairudisha kamba kufuata nane yake. Kwa mbali lile fundo linafanana na fundo kamili, ndiyo maana tunakuambia uguse, uhesabu nyuzi. Kisha kifaa cha mshika kamba: kamba imeingia upande sahihi, na karabina imefungwa kwa skrubu. Ibane mlango kwa vidole, ukifunguka, haijafungwa. Karabina ya kawaida hubeba kilonewtoni 20 (kama uzito wa kilo 2,000) au zaidi mlango ukiwa umefunga, lakini mlango ukiwa wazi hushuka hadi karibu 7. Malizia na kofia.

Wewe usimame wapi? Pembeni, mahali unapouona mkono wa kubania wa kila mshika kamba na pia mpandaji, mgongo wako ukielekea mwamba au jabali la pembeni, kamwe usielekee watu. Na fundo likihitaji kurekebishwa, mgeuze mshiriki, usijigeuze wewe. Mshike bega, mzungushe hadi uso wako uwe upande wa kundi, ndipo ushike fundo lake. Ungefanya hivyo tu siku ya mtihani, ungeziona zile kofia zikivuliwa.

Nanga hatutazirudia, kwa kuwa ulifanya vizuri. Ila mtahini atakuuliza sababu, na sababu lazima ziwe mdomoni. Ukiunganisha pointi 2 kwa pembe ya nyuzi 60, kila moja hubeba kama asilimia 58 ya mzigo. Pembe ikifika nyuzi 120, kila moja hubeba mzigo wote, asilimia 100, na hapo kuwa na pointi 2 hakupunguzi chochote. Kumbuka pia kwamba kamba inayopita juu na kurudi chini hubebesha nanga mpandaji pamoja na mvuto wa mshika kamba. Mtu wa kilo 80 anayening'inia anaweza kuzidi kilo 120 pale juu. Na mwamba wa mita 25 unataka kamba inayozidi mita 50, huku ncha ya upande wa mshika kamba ikiwa na fundo la kuzuia, ili kamba fupi isipite ndani ya kifaa mtu akiwa bado hewani.

Mtoni kosa lako lilikuwa la mwalimu anayependa somo lake. Dakika 20 za maneno majini ni adhabu. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo mtu aliyelowa na asiyetembeza viungo anapoa haraka hata siku ya jua, upepo ukivuma ndiyo zaidi. Maelezo yote marefu yatolewe nchi kavu, watu wakiwa wakavu. Majini, onyesha pigo moja bila kusema neno, mara moja ukionekana kutoka ubavuni na mara moja kutoka mbele. Sema jambo moja tu, kwa mfano "geuza kiwiliwili, usivute kwa mkono". Waachie wafanye kwa dakika 8 au 10, wewe unazunguka na kurekebisha mmoja mmoja. Ndipo useme la pili. Ukihesabu maneno yako ukayaona yanazidi dakika 3, umeshapotea.

Yule aliyetetemeka alikuwa anakuambia kitu mapema, na hiyo ni bahati. Baada ya kutetemeka hufuata vidole vizito visivyoweza kufunga kifungo, kisha ukimya, kisha kujikwaa kwa maneno. Mtetemo ukikoma wakati mtu bado ni baridi, hali imezidi kuwa mbaya. Usidhani amepata nafuu. Mtoe majini, mkinge upepo, mvue nguo zilizolowa umvike kavu, na akiwa macho na anameza vizuri mpe kinywaji cha moto chenye sukari.

Kabla hamjaingia majini kagua jaketi okozi la kila mtu. Funga vifungo vyote, shika mabega ya jaketi uyavute juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au limelegea. Waambie wote, na uwaambie tena: mtu aliyeanguka kwenye mkondo asisimame kama maji yanapita goti. Mguu ukikwama kati ya mawe, mkondo humsukuma mwili mbele na kumlaza uso majini, na nguvu ya kujinyanyua hana. Alale chali, miguu mbele kuelekea mto uendako, vidole vya miguu juu ya maji, apige mikono kuelekea ukingoni.

Kuhusu mfuko wa kamba ya kurusha, tunashuku unajua kurusha lakini hujafanya mazoezi ya kurusha kwa mtu aliyeogopa. Mifuko mingi ina mita 15 hadi 20 za kamba. Mpigie kelele kwanza, "Kamba!", usubiri akutazame, mtu asiyekutazama hataikamata hata ikimgonga. Rusha ipite juu ya bega lake kidogo, ili kamba, wala si mfuko, ndiyo imdondokee. Yeye ashike kamba kifuani, ailaze begani na kugeuka chali. Wewe usiizungushe kukaza kiganja au kifundo cha mkono hata kidogo, kwa sababu mkondo ukiivuta itaondoka na ngozi yako au ikuburute majini. Chuchumaa, weka mguu mmoja mbele, acha mkondo umbembeze hadi ukingoni. Ukikosa, usikunje kamba irudi mfukoni. Vuta haraka ukiilaza kwa mizunguko mikubwa mkononi, chota maji kidogo ndani ya mfuko yaongeze uzito, rusha tena. Fanya hivyo mara 20 kwa siku, mrusho wa pili uwe umetoka ndani ya sekunde 15.

Wanaoanza wapeleke kwenye maji ya daraja la 1 na la 2 katika kipimo cha kimataifa cha daraja la 1 hadi la 6, nawe mwenyewe uwe umestarehe kwenye daraja la juu zaidi ya hapo. Na ukiwa na kundi kwenye mkondo, nafasi yako ni kati yao na hatari iliyo mbele yao. Mti ulioanguka ukiwa upande wa kushoto wa mto, wewe uko kushoto, juu kidogo ya mti, na wao wanapita upande wa kulia wa mto. Kiongozi aliye mbele sana anaangalia mto, aliye nyuma sana anaangalia migongo.

Cheti chako cha huduma ya kwanza cha siku 1 kimejengwa juu ya matumaini kwamba gari la wagonjwa litafika baada ya dakika chache. Mlimani na mtoni halifiki. Tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza ya mbali na hospitali. Ya msingi huwa ya saa 16, na ya kiongozi anayekaa siku kadhaa porini huwa kati ya saa 70 na 80. Vyeti hivyo huisha baada ya miaka 2 au 3, kwa hiyo panga na kurudia. Na kwa mto usisahau hili: mtu aliyezama asiyepumua huanzishiwa pumzi 5 za kuokoa, ndipo mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi 2, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika na kina cha sentimita 5 hadi 6. Mapafu yake ndiyo yaliyokosa hewa kwanza.

Je, urudie mafunzo yote? Hapana. Mafunzo uliyapata, ulichokosa ni siku. Kwa kulinganisha, cheti cha kuongoza watu milimani cha shirika la Mountain Training kule Uingereza kinataka angalau siku 20 za mlimani kabla ya mafunzo, na angalau siku 40 kabla ya mtihani, zote zimeandikwa kwenye daftari. Siku 10 za darasani zikifuatwa moja kwa moja na mtihani ni haraka mno, na hilo si la aibu yako peke yako, ni la mpango pia. Daftari lako liwe na tarehe, mahali, hali ya hewa, idadi ya watu, wewe ulikuwa nani siku hiyo (kiongozi, msaidizi, au mshiriki tu), na safu moja ambayo wengi huiacha wazi: ajali gani ilikaribia kutokea. Karabina iliyokutwa wazi, mshiriki aliyepotea kwa dakika 2, jaketi lililopanda masikioni. Mtahini akisoma safu hiyo anajua kama una macho, kabla hata hujavaa kofia.

Kati ya mwamba na mto, sisi tunakushauri uanze na mwamba. Mwamba hausogei. Ukikosea nafasi ya kusimama unaweza kusimamisha kila kitu, ukahama, ukaendelea, na jicho linajifunza kwa utulivu. Mto unalibeba kundi lako huku bado unafikiri. Usiuache, endelea kuupiga kasia kama msaidizi, lakini mtihani wake uje mwaka unaofuata.

Na usidharau njia ya kutembea kuelekea kwenye mwamba, kwani wakufunzi wengi wapya kazi yao ya kwanza huwa hiyo. Kanuni ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, ya mwaka 1892 ya kukadiria muda wa kutembea bado inatosha kuanzia: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 10 zenye mwinuko wa mita 600 ni saa 3 kwa mtu mwenye mwendo. Kwa kundi la wageni weka 4 na nusu, kisha uone jua litakuwa wapi.

Zoezi la jicho ni hili, na unaweza kuanza kesho hata bila kundi lako. Nenda mahali watu wanapopanda, ukae na kamba fupi mkononi. Piga fundo, na kila unapomaliza kitendo kimoja cha mkono, nyanyua kichwa, hesabu vichwa vyote, na ujitajie kimoyomoyo kitu kimoja kilichobadilika tangu ulipotazama mara ya mwisho. Mwanzoni utasahau kunyanyua. Baada ya wiki 2 hivi shingo itanyanyuka yenyewe, na hapo utaanza kuona mambo usiyoyatafuta, kama mkono wa kubania uliolegea au mtu aliyenyamaza ghafla.

Wiki hii mwandikie mtahini wako barua fupi. Muulize mambo 3: ni sehemu zipi hasa unazotakiwa kurudia na zipi zimehesabiwa umefaulu, anataka aone siku ngapi za usaidizi kwenye daftari kabla hujarudi, na kama anaruhusu uje kumtazama akiwatahini wengine. Hilo la mwisho liombe kwa moyo wote. Ukikubaliwa, siku hiyo usiwatazame wapandaji. Simama karibu na mtahini, fuata macho yake yanakokwenda, na uandike kila mahali yalipotua.